Kasisi Wako ni Mtu wa Aina Gani?

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kuyasikia mazungumzo ya namna hii. Ni Jumapili asubuhi, ibada imekwisha, na familia moja inarudi nyumbani kwa miguu. Baba amemshika mkono mtoto mdogo. Mama amekumbatia kitabu chake cha nyimbo. Wanamzungumza kasisi mpya aliyehamia mtaani kwao mwezi uliopita.

"Huyu ana maringo," asema mama. "Pale mlangoni anakupa mkono, macho yako chini, kisha huyo amekwenda zake. Yule wa zamani alikuwa akimjua hata paka wetu."

"Mama Neema, usimwonee mtu," ajibu baba. "Yule wa zamani alikuwa hodari wa kuchekesha, lakini hotuba yake ukiikamua hupati tone. Huyu angalau anasoma kabla ya kupanda mimbarini."

Binti yao, ambaye yuko kidato cha tatu, anadakia: "Mimi nilimwuliza swali, akasema atafikiri. Baada ya siku tatu akaniletea majibu kwenye karatasi, kurasa mbili nzima."

Watu watatu, hukumu tatu, na mshtakiwa ni mmoja. Mama ameona maringo, baba ameona elimu, binti ameona uaminifu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza swali lililo la kwanza: je, mtu huyu ana hulka gani? Maana joho la kasisi hushonwa kwa kipimo cha bega, si kwa kipimo cha moyo. Ndani ya joho lile lile huweza kukaa mtu mcheshi au mtu mkimya, mtu wa haraka au mtu wa kusitasita, na wote wakawa wameitwa kwa wito mmoja.

Makala haya yanahusu makasisi wa Kianglikana, kwa kuwa wao ni miongoni mwa watumishi wa dini ambao hulka zao zimechunguzwa sana na wataalamu. Lakini hata kama wewe si Mwanglikana, au si Mkristo kabisa, endelea kusoma. Huenda ukamkuta humu mwalimu wa mwanao, msimamizi wako kazini, au mwenzi wako wa nyumbani.

DAMU, SAFURA, BELGHAMU NA SAUDA

Jambo la kugawa watu kwa hulka zao si geni. Matabibu wa Kiyunani wa zamani, tangu enzi za Hippocrates, walifundisha kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, nyongo ya manjano, kohozi na nyongo nyeusi. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya pili baada ya Kristo, aliyaeleza mafundisho hayo kwa upana. Baadaye yakachukuliwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Kwa njia hiyo yakafika hata pwani yetu, ambako waganga wa vitabu waliyajua maji hayo kwa majina ya damu, safura, belghamu na sauda.

Ilisemekana kwamba aliyezidiwa na damu huwa mchangamfu; aliyezidiwa na safura huwa mwepesi wa hasira na mwingi wa bidii; mwenye belghamu huwa mtulivu asiyetikisika; na mwenye sauda huwa mtu wa mawazo na huzuni. Leo hakuna tabibu anayeamini kwamba tabia ya mtu hutokana na nyongo. Hata hivyo wazee wale waliona jambo la kweli: kwamba watu hawalingani kwa hulka, na kwamba tofauti hizo si dhambi wala si sifa njema. Ni udongo tu ambao kila mtu amepewa kuulima.

MAMA NA BINTI YAKE

Katika karne ya ishirini suala hili lilishikwa upya. Mwaka 1921 daktari wa nafsi wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu kikubwa kuhusu aina za watu. Kule Marekani, mama mmoja aitwaye Katharine Briggs alivutiwa sana na mawazo hayo. Pamoja na binti yake, Isabel Briggs Myers, akayageuza kuwa maswali ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyajibu kwa kalamu na karatasi. Kazi hiyo ilishika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Maswali yao, ukiyakusanya, yanataka kujua mambo manne. La kwanza: nguvu zako unazipata wapi? Kuna mtu ambaye akikaa na watu huchangamka kama taa iliyotiwa mafuta, na kuna mwingine ambaye mafuta yake huyatia akiwa peke yake. Huyu wa kwanza tumwite mtu wa nje, na wa pili mtu wa ndani. La pili: unaangalia nini? Mmoja huangalia jambo lililopo, linaloshikika na kuhesabika. Mwingine huangalia maana iliyofichika na mambo yanayoweza kuja. Tuwaite mtu wa yaliyopo na mtu wa maono.

La tatu: unaamua kwa kutumia nini? Mmoja huweka hoja kwenye mizani. Mwingine hutazama kwanza nani ataumia na nani atafarijika. Hao ni mtu wa hoja na mtu wa moyo. Wala tusidhani kwamba mtu wa hoja hana huruma, au kwamba mtu wa moyo hana akili. La nne: unaishi kwa utaratibu gani? Mmoja hupenda ratiba, na jambo likishaamuliwa liwe limeamuliwa. Mwingine hupenda kuacha mlango wazi mpaka dakika ya mwisho. Hao tuwaite mtu wa mpango na mtu wa papo kwa papo.

Ukiyachanganya mambo hayo manne, unapata aina kumi na sita za watu. Sasa hebu tuone nini kilitokea maswali hayo yalipopelekwa kwa makasisi.

MAKASISI 863 WA UINGEREZA

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi katika uwanja huu ni Leslie Francis, ambaye ni mwanasaikolojia na pia ni kasisi wa Kianglikana. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa makasisi 863 wa Kanisa la Uingereza: wanaume 626 na wanawake 237. Wanawake wamo kwa sababu kanisa hilo lilianza kuwapa wanawake daraja la ukasisi mwaka 1994.

Matokeo yalikuwa haya. Miongoni mwa makasisi wanaume, asilimia 57 walikuwa watu wa ndani. Asilimia 62 walikuwa watu wa maono. Asilimia 54 walikuwa watu wa moyo. Na asilimia 68 walikuwa watu wa mpango. Kwa wanawake hesabu zilikuwa asilimia 54, 65, 74 na 65 kwa mfuatano huo huo.

Pengine utasema, kuna ajabu gani hapo? Ajabu utaiona ukiwalinganisha makasisi hao na wananchi wenzao. Katika wanaume wa Uingereza kwa jumla, watu wa maono ni kama robo tu. Wengi wao ni watu wa yaliyopo. Na watu wa moyo miongoni mwa wanaume hao ni kama theluthi moja. Kasisi basi, aghalabu, si mfano wa jirani zake. Ni mwanamume anayeamua kwa moyo katikati ya wanaume wanaoamua kwa hoja. Ni mtu anayeyaona ya kesho katikati ya watu wanaoyashughulikia ya leo.

Lipo na jambo la pili, nalo ndilo zito zaidi. Zaidi ya nusu ya makasisi hao ni watu wa ndani. Lakini tazama kazi tunayowapa! Asubuhi kuhubiri mbele ya umati. Baada ya ibada kusimama mlangoni na kushika mikono mia. Mchana kuhudhuria chakula cha arusi. Alasiri kutembelea wagonjwa. Jioni kuongoza kikao cha wazee wa kanisa wanaobishana juu ya bati. Kazi yenyewe inamtaka mtu wa nje, na anayeitika mwito mara nyingi ni mtu wa ndani.

MWALIMU NA MWANAFUNZI WAKE

Takwimu ni mifupa, tuitie nyama. Historia ya Kanisa la Kianglikana ina mfano mmoja mzuri sana wa hulka mbili zilizopishana, nao ni wa maaskofu wakuu wawili wa Canterbury waliopokezana kiti.

Geoffrey Fisher alianza maisha yake ya kazi kama mwalimu. Mwaka 1914, akiwa bado kijana, alifanywa mkuu wa shule ya Repton, na akakaa hapo hadi mwaka 1932. Alikuwa mtu wa mafaili, vikao na kanuni. Alipokuwa Askofu Mkuu, kuanzia 1945 hadi 1961, alitumia nguvu nyingi kuzipanga upya sheria za kanisa lake, ambazo zilikuwa zimechakaa kwa uzee. Ndiye aliyemvika taji Malkia Elizabeth mwaka 1953. Ndiye pia aliyefika Dar es Salaam mwaka 1960 kulizindua Jimbo la Afrika Mashariki, ili Waanglikana wa huku wawe na askofu mkuu wao wenyewe. Mtu wa mpango kila mahali huacha nyuma yake jambo lililokamilika.

Miongoni mwa wavulana waliosoma Repton chini ya Fisher, alikuwamo mmoja aitwaye Michael Ramsey. Huyu alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa: mwenye haya, mwanazuoni, mtu wa sala, asiyejua kupiga soga. Wageni waliokwenda kumwona walijikuta wakikaa naye katika ukimya mrefu, wasijue kama amekasirika au anafikiri. Fisher alipokaribia kustaafu, hakupenda mwanafunzi wake wa zamani ndiye akalie kiti chake. Hata hivyo Ramsey aliteuliwa, akakalia kiti hicho kuanzia 1961 hadi 1974.

Je, ukimya wake ulimfanya kuwa dhaifu? Hasha! Mwaka 1966 alikwenda Roma kukutana na Papa Paulo wa Sita, na Papa akavua pete yake mwenyewe akampa. Mwaka 1968 serikali ya Uingereza ilipoharakisha sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Kiingereza wasiingie nchini humo, Askofu Mkuu huyu mwenye haya aliinuka katika Baraza la Malodi akaipinga waziwazi. Na mwaka 1970 alikwenda Afrika ya Kusini, akakutana uso kwa uso na Waziri Mkuu Vorster, wala hakuficha kwamba anauchukia ubaguzi wa rangi.

Mkimya si lazima awe mwoga, ndugu msomaji. Mara nyingine maneno yake ni machache kwa sababu anayaweka akiba kwa siku ya haja.

UNGUJA: MJENZI NA MPIGANAJI

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mifano. Ukifika Mkunazini, Unguja, utalikuta kanisa kuu lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Mtu aliyelisimamia jengo hilo ni Askofu Edward Steere. Kabla ya kuwa kasisi alikuwa amesomea sheria. Alikuja huku na Misheni ya Vyuo Vikuu katika miaka ya 1860, akawa askofu mwaka 1874, na akafariki Unguja mwaka 1882.

Tazama kazi za mtu huyu, utaiona hulka yake. Alijifunza Kiswahili kwa kusikiliza watu, akatoa kitabu cha sarufi na kamusi mwaka 1870, na mwaka huo huo akachapisha hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Alishughulika na matbaa, akawafundisha vijana kupanga herufi. Kanisa lilipojengwa, hakukaa ofisini akingoja taarifa. Aliisimamia mwenyewe kazi ya mawe na chokaa, mpaka dari ile ya kuba ikasimama. Huyo ni mtu wa yaliyopo: neno lililosikika, herufi iliyopangwa, jiwe lililowekwa juu ya jiwe.

Sasa mlinganishe na Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908 hadi kifo chake mwaka 1924. Huyu alikuwa moto. Mwaka 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walipokutana Kikuyu, Kenya, kutafuta ushirikiano, na maaskofu wa Mombasa na Uganda wakashiriki pamoja nao, Weston aliwashitaki maaskofu wenzake hao kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai wameiasi imani. Magazeti ya Uingereza yaliwaka kwa habari hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akatembea nao bara. Na mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali kuishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za kulazimishwa.

Moto ule ule uliowachoma maaskofu wenzake ndio uliowachoma wenye kutumikisha watu. Hapo ndipo penye fundisho. Hulka haiji kwa upande mmoja. Huja na faida na hasara zake zikiwa zimefungwa kitita kimoja. Waumini wanaomtaka kasisi shujaa mwenye kusema kweli, kisha wakalalamika kwamba hana subira kikaoni, wanataka moto usiounguza.

MCHUNGAJI NA KONDOO

Turudi kwenye mitaa yetu na ugomvi wake. Uchunguzi uliofanywa kwa waumini wa Kianglikana wa Uingereza umeonyesha kwamba wapatao wanane kati ya kumi ni watu wa yaliyopo. Lakini makasisi wao, kama tulivyoona, wengi ni watu wa maono. Sasa fikiri nini hutokea.

Kasisi wa maono anafika mtaani. Mwezi wa kwanza anaona kwamba mabenchi yakigeuzwa, watu watatazamana, na ibada itakuwa ya kifamilia. Mwezi wa pili anataka saa ya ibada ibadilishwe, ili wafanyakazi wa zamu ya usiku nao wapate nafasi. Moyoni mwake anaona kanisa jipya, limejaa vijana. Bibi aliyekaa benchi la tatu kutoka mbele kwa miaka arobaini haoni kanisa hilo jipya. Anachoona ni kwamba benchi alilokalia siku ya maziko ya mumewe limesogezwa ukutani.

Nani mwenye makosa? Kasisi atasema waumini ni wazito wa mabadiliko. Waumini watasema kasisi ni mtu wa kuvuruga. Kumbe hakuna mwenye nia mbaya. Wawili hawa wanatazama nyumba ile ile, mmoja kwa darubini, na mwingine kwa miwani ya kusomea. Laiti kasisi angekwenda kwanza kukaa na bibi yule, akamwuliza historia ya benchi lile! Na laiti bibi naye angemwuliza kasisi: "Mwanangu, hebu nieleze, unaona nini huko mbele ambacho mimi sikioni?" Nusu ya ugomvi ingekwisha kabla ya kufika kwa askofu.

UCHOVU USIOONEKANA

Jambo hili lina gharama, na gharama yenyewe hulipwa nyumbani. Francis na wenzake wameonyesha katika uchunguzi wao kwamba makasisi ambao ni watu wa ndani huwa na dalili zaidi za kuchoka moyo kuliko wenzao walio watu wa nje. Si kwamba hawaipendi kazi. Kila saa wanayokaa katikati ya watu huwatoa nguvu, na kila saa wanayotafuta peke yao huambiwa ni uvivu au majivuno.

Kumbuka pia kwamba kasisi wa Kianglikana anaruhusiwa kuoa, na wengi wao wana familia. Mtu aliyetabasamu mchana kutwa kwa kujilazimisha hufika nyumbani akiwa amekauka. Mkewe anataka mazungumzo. Hana maneno yaliyobaki. Watoto wanataka mchezo. Anataka chumba chenye giza. Kwa hiyo waumini wanaodai kasisi wao awe mcheshi saa zote, bila wao kujua, wanakula posho ya watoto wake.

Hata walio wachangamfu wanahitaji ukimya. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika ya Kusini, aliyefariki mwaka 2021, alijulikana ulimwengu mzima kwa kicheko chake na kwa kucheza kwake mbele ya watu. Wachache ndio waliojua kwamba mtu yule aliamka alfajiri kila siku akakaa kimya katika sala kwa muda mrefu, na kwamba saa hizo alizilinda kwa nguvu zote. Kicheko cha mchana kilichotwa katika kisima cha alfajiri.

Nami nina deni ninalotaka kulikiri hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilifiwa na mama yangu. Kasisi wa mtaa wetu alikuwa mtu wa ndani, wa kupita kiasi. Hata majirani walikuwa wakisema hana neno la kumfariji mtu. Usiku wa msiba alikuja, akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Sidhani kama alisema maneno kumi. Walikuja wasemaji hodari, wakasema, wakaondoka. Yeye alikuwa bado amekaa. Kulipopambazuka nilimwona amekunja mikono ya kanzu yake, anawasaidia vijana kujaza maji mapipa. Leo siwezi kukumbuka hata sentensi moja ya wale wasemaji. Benchi lile nalikumbuka. Na nakumbuka pia kwamba kabla ya usiku ule, mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita mtu wa maringo.

TAHADHARI

Hata hivyo, tusichukue elimu hii tukaifanya kamba ya kuwafungia watu. Wanasaikolojia wengi wameyakosoa maswali ya mama Briggs na binti yake, na wana sababu. Mtu anayejibu maswali hayo leo, akiyajibu tena baada ya wiki chache, huweza kujikuta katika aina nyingine. Tena watu wengi hawako kabisa upande huu wala ule. Wako katikati, kama ambavyo wengi wetu si warefu wala si wafupi. Kwa hiyo wataalamu wengi siku hizi hupendelea kupima hulka kwa viwango, kidogo au sana, badala ya kumtia mtu katika sanduku na kubandika jina juu yake.

Zaidi ya hayo, hulka haiwezi kuwa kisingizio. Kasisi hawezi kusema, "Mimi ni mtu wa ndani, kwa hiyo wagonjwa sitawatembelea." Wala hawezi kusema, "Mimi ni mtu wa papo kwa papo, kwa hiyo hesabu za sadaka msiniulize." Hulka hueleza kwa nini mlima fulani ni mgumu kwako kuupanda, haikuondolei wajibu wa kuupanda. Uvivu, dharau na udanganyifu si hulka. Hayo yana majina yao, na yaitwe kwa majina hayo.

TUFANYEJE BASI?

Kwanza, tumchunguze mtu kabla ya kumhukumu. Kasisi mpya akifika, mpe muda. Usitazame mlangoni peke yake. Mtazame pia kwenye msiba, kwenye kitanda cha mgonjwa, na katika majibu anayompa mtoto.

Pili, tugawane kazi kwa hulka. Hakuna mtaa usio na mama mchangamfu anayeweza kuwapokea wageni mlangoni, wala mzee mwenye mpango anayeweza kushika daftari la fedha. Ikiwa kasisi wenu ni wa maono, mwekeeni karibu mtu wa yaliyopo atakayemwuliza, "Fedha zitatoka wapi?" Ikiwa ni mtu wa mpango, mwekeeni mtu wa moyo atakayemnong'oneza, "Baba, fulani ameumia." Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, tumpe kasisi siku yake ya mapumziko, na tuiheshimu. Akipita barabarani na mkewe jioni, tusimsimamishe kwa habari za kikao. Kazi ya nafsi za watu ni kazi kama kazi nyingine. Dereva aliyechoka hatumpi basi lenye abiria, basi kwa nini tumpe aliyechoka mzigo wa huzuni zetu?

Nne, na hili ni la nyumbani kwetu sote: hebu tujiulize maswali yale manne sisi wenyewe. Pengine mume anayerudi kazini akakaa kimya hana kinyongo. Anatia mafuta taa yake. Pengine mke anayetaka mipango ya Krismasi ijulikane tangu Septemba hamsumbui mtu. Ndivyo anavyopata utulivu. Pengine mtoto asiyependa kuimba mbele ya wageni hana kiburi, na fimbo haitamgeuza.

Tulipoiacha, ile familia ilikuwa njiani. Sasa imefika nyumbani. Mama anaweka kitabu cha nyimbo juu ya meza, na hapo anaiona ile karatasi ya binti yake yenye majibu ya kasisi. Anaichukua, anaisoma yote akiwa amesimama, mwandiko mdogo, mstari kwa mstari. Kisha anaikunja taratibu.

"Baba Neema," asema, "Jumapili ijayo tumkaribishe chakula yule kasisi na mkewe."

"Tukaribishe na majirani?"

Mama anafikiri kidogo. "La," ajibu. "Wao wawili tu. Tusimchoshe."